Simu Iliyopigwa kwa Msumari

Benchi letu ni mataruma mawili ya chuma yaliyong'olewa relini, yamelazwa juu ya mawe mkabala na stesheni yetu ndogo, na jua likishika huwezi kuyakalia bila kutandika gunia. Andrea huweka hapo jiko lake na birika la kahawa ya tangawizi. Mimi huweka kiti changu cha kunyolea pembeni, ndiyo maana wananiita Wembe. Siku nyingine tunabishana habari za Manyoni na za dunia nzima mpaka birika linakauka. Lakini alasiri ile ya mawingu, mwaka wa pili tangu malori yatuhamishie kwenye kijiji hiki cha kando ya reli, hakuna aliyekuja kunyolewa. Damari, mke wa Leonidas, alikuwa amelazwa ndani kwake tangu jana alfajiri, amefunikwa kanga. Alifia kwenye uchungu wa kujifungua, mtoto hakutoka. Kaburi lilikuwa tayari. Mumewe ni kibarua wa genge la reli, kambi yao iko mbali upande wa Tabora, na mwinjilisti alikwisha kutuambia neno la mwisho: tutangoja treni ya jioni. Leonidas akishuka, atamzika mkewe kwa mkono wake. Asiposhuka, tunazika kabla jua halijazama, kwa maana mwili hauwezi kungoja usiku mwingine.

Kwa hiyo benchi lilikuwa na hoja moja tu siku ile. Simu ya maandishi aliyopelekewa Leonidas ilifika, au haikufika?

Simu yenyewe ilikuwa na mkosi. Usiku ule ule wa uchungu wa Damari radi ilishuka kwenye waya wa stesheni ikaunguza mtambo mezani kwa Simeoni, karani wetu. Kiliungua kile kitufe cha shaba anachobonyeza kutuma maneno, na kikaungua kile kidude kinachogongagonga kumletea majibu. Zikasalimika betri kwenye mitungi yake ya kioo, na ncha mbili za waya. Asubuhi Simeoni akapigilia msumari mezani, akafunga ncha moja kwenye msumari, nyingine akaishika mkononi, akawa anaigusisha. Mguso mfupi. Mguso mrefu. Anatulia. Mguso mfupi. Akaandika simu ya msiba namna hiyo, herufi moja moja, na sisi tumejazana mlangoni kama watu wanaotazama mganga. Tulipotoka pale kila mtu alikuwa ameshajua kazi ya simu kuliko mwenye simu.

Wa kwanza kusema alikuwa Gabrieli, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hana swichi ya kumzimia.

Redio: Haikufika. Mimi nawaambia kabisa, msimpe mama yake Damari moyo wa bure. Haikufika.

Mzee Taruma: Umejuaje?

Mzee Taruma ni Mzee Paulo. Alifanya kazi ya genge tangu enzi ya mkoloni, akaacha vidole viwili chini ya reli, na jina hilo anaridhika nalo.

Redio: Nimeuona waya wa pili, mzee. Unatoka dirishani, unashuka ukutani, unaingia ardhini. Umezikwa pale nyuma ya stesheni. Sasa niambie, maneno yakiingia udongoni yatafikaje Tabora?

Mzee Taruma: Umekuwa hivyo tangu zamani. Hata enzi ya Mwingereza ulikuwa ardhini.

Redio: Enzi ya Mwingereza palikuwa na kitufe. Kitufe kinayasukuma. Msumari unasukuma nini?

Balozi: Punguzeni sauti. Msiba uko pale.

Huyo ni Mughwai, balozi wetu wa nyumba kumi. Hata akilala ndani kwake nadhani hulala kibalozi, mikono ubavuni.

Mzee Taruma: Tatizo si ardhi. Tatizo ni mvua. Waya ukipoa unajikaza. Tulikuwa tukiona kwenye reli, chuma kikipoa kinapungua. Maneno yanakuwa na nafasi ndogo, yanabanana. Yakifika kule yamelaliana.

Redio: Na ndege je? Jana asubuhi walitua kwenye waya toka nguzo hii mpaka ile. Kila ndege ana miguu miwili ya kukanyagia.

Andrea: Ndege wamekuwepo siku zote.

Redio: Siku zote maneno yalipita haraka. Jana Simeoni aliyapitisha polepole. Neno linalopita polepole linakanyagwa.

Ningekuwa na moyo wa kucheka ningecheka. Nilitazama upande wa nyumba ya Leonidas, nikaona moshi wa jiko la wanawake unavyolala chini kwa unyevu. Andrea akatujazia vikombe bila kuulizwa. Siku ya msiba hakuna anayemuuliza bei.

Simeoni akatoka stesheni, amefunga kitambaa kidole cha shahada kilichochubuliwa na ncha ya waya. Ni kijana bado, amesoma Manyoni, na tangu jana sura yake ilikuwa imesinyaa kama ya mtu aliyelala na njaa. Akamwamkia Mzee Taruma, akawaamkia na wengine, akakaa mwisho wa benchi.

Redio: Haya, mwenyewe huyu. Mwambie Mzee Taruma kama msumari unatuma simu.

Simeoni: Kitufe ni nini, kaka Gabrieli? Ni kitu cha kugusisha waya na kuuachanisha. Basi. Hata kijiko kingefanya. Waya haujui umeguswa na nini.

Redio: Kama ni hivyo kwa nini Serikali inanunua vitufe?

Simeoni: Kwa sababu kitufe kinakusaidia. Kina springi, ukiachia kinaruka chenyewe. Msumari haukusaidii kitu. Yote inabidi uyabebe kichwani. Hapa gusa, hapa ngoja, hapa achia, na kungoja kwenyewe kuwe sawasawa, maana yule wa upande wa pili anasikia urefu tu, haoni mkono wako. Ukichelewa kidogo, mfupi umekuwa mrefu. Ukiwaza jambo jingine hata kidogo, herufi imekufa. Ndiyo maana niliwaomba msinisalimie.

Tukamtazama Mzee Taruma wote.

Mzee Taruma: Mnanitazama nini?

Simeoni: Hapana mzee, sikusema wewe.

Mzee Taruma: Umesema mimi. Sasa sikiliza. Mimi nimetoka kwangu nimekuja kutoa pole. Nimeingia mlangoni, kijana mdogo amekaa, hainui macho, hasemi shikamoo. Ningejuaje kama ana maneno mkononi?

Andrea: Ulikohoa, mzee.

Mzee Taruma: Nilikohoa. Mtu mzima akinyimwa shikamoo anakohoa.

Simeoni: Na nikakuamkia.

Mzee Taruma: Ukaniamkia. Nami nikaitikia marahaba kwa roho safi.

Simeoni: Na simu ikakatika katikati ya jina la marehemu, nikaanza upya. Nikafika tena pale pale, akaingia mwinjilisti. Ningemnyamazia mwinjilisti? Nikainuka, nikampa mkono. Nikaanza upya. Kisha wazee wa kule mashambani wakaja kwa mstari, mmoja baada ya mwingine.

Ni kweli. Niliyaona mwenyewe, na sikujua nimlaumu nani. Huku kwetu unaweza kumnyima mtu unga akakusamehe, lakini ukimnyima mkubwa shikamoo utasemwa mpaka wajukuu. Mwishowe nilisimama mlangoni nikawazuia watu kwa mgongo wangu, nikatukanwa na watu ambao nimewanyoa tangu wana nywele nyeusi.

Redio: Kwa hiyo waya una Damari nusu nusu wengi. Wote wako njiani. Leonidas atapewa karatasi ina Dama, Dama, Dama.

Balozi: Gabrieli, nyamaza.

Simeoni: Ningeandika nilivyotaka mimi ingekuwa fupi na ningemaliza kabla hawajaja. DAMARI AMEFARIKI NJOO. Basi.

Balozi: Usirudie hayo.

Simeoni: Nasema tu.

Balozi: Na mimi nasema tu. Mtu haambiwi kifo na waya. Anaambiwa na watu, amekaa, ameshikwa mabega. Yule kijana yuko porini peke yake na koleo lake, watu wa genge si ndugu zake. Apewe karatasi imeandikwa mkeo amekufa, akaisome amesimama juu ya reli? Na treni inakuja?

Mzee Taruma: Hilo ni kweli. Nimewahi kuona.

Redio: Ungesema basi mgonjwa. Watu wote wanaandika mgonjwa.

Balozi: Ndiyo maana sikukubali. Siku hizi nani asiyejua maana ya simu ya mgonjwa? Mtu akiona neno hilo anaanza kulia hajamaliza kukunjua karatasi. Nilisema tumwite kwa upole, afike kwetu mzima, sisi tutajua namna ya kumweleza.

Ndivyo ilivyoandikwa, NJOO UPESI DAMARI ANAKUITA, na hakuna hata mmoja kwenye benchi aliyepinga, mimi mmojawapo. Nilimwona Balozi siku ile kama mtu mwema. Ni yeye aliyetupanga kwenye malori mwaka juzi akituambia tunasogezwa karibu na huduma, na tangu hapo nilikuwa namtazama kwa jicho la pembeni, lakini neno lile la upole lilinigusa.

Redio alikuwa kama amenisoma.

Redio: Mimi naona zahanati ingekuwa na paa tusingekuwa tunazungumza habari za msumari.

Balozi: Zahanati imefika kwenye linta.

Redio: Ilifika kwenye linta tangu mwaka jana, ndugu balozi.

Balozi: Mabati yameandikiwa. Yako njiani.

Redio: Kwenye waya?

Hakuna aliyecheka, hata Redio mwenyewe. Kule tulikotoka alikuwepo mkunga, mama mmoja mwenye mikono ya ajabu, aliyewapokea watoto wa kila mtu kwenye benchi lile. Malori yalimpeleka kijiji kingine kwa sababu shamba lake lilikuwa ng'ambo ya mto. Kila mmoja wetu alikuwa akimfikiria na hakuna aliyemtaja. Balozi aliweka kikombe chini, hakukimaliza.

Ndipo akaja mama Klara, mama yake Damari. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni kwa nguvu, anatembea kwa kuangalia anapokanyaga. Tulisimama wote tuliokuwa wadogo kwake.

Simeoni: Shikamoo mama.

Klara: Marahaba mwanangu. Sikai, nimetumwa na wanawake. Wanauliza waanze kumtayarisha au wangoje. Nami nataka kukuuliza wewe uliyepiga. Yule mtu wa upande wa pili alikuitikia?

Simeoni akajishika kidole chenye kitambaa.

Simeoni: Mama, siwezi kusikia. Kile kidude cha kusikilizia kiliungua. Naweza kusema, siwezi kusikia.

Klara: Kwa hiyo ulisema gizani.

Simeoni: Ndiyo mama. Lakini nilipomaliza nililowanisha kidole nikakiweka kwenye waya. Wakiitikia, umeme unarudi. Niliungojea. Nikahisi kitu kinanitekenya.

Klara: Kilikutekenya.

Simeoni: Kidogo.

Klara: Kinaweza kuwa yeye aliyeitikia?

Simeoni: Kinaweza kuwa yeye. Kinaweza kuwa mvua kwenye nguzo. Siwezi kukudanganya mama.

Mama Klara alisimama akitazama reli inavyopotea upande wa magharibi. Kisha akasema, wala si kwetu hasa:

— Usiku ule wote alikuwa ananiuliza, mama, Leonidas amepewa habari? Nikamwambia ndiyo, amepewa, anakuja. Hakuna aliyekuwa amempa habari. Radi inapiga, nani angempa? Akaniamini, akatulia kidogo. Mimi nataka tu iwe kweli, hata kwa kuchelewa. Asiingizwe udongoni na uongo wangu.

Balozi: Waambie wangoje, mama. Treni haiko mbali.

Akaondoka. Nilikasirika, ila sikujua nimkasirikie nani. Redio naye alivumilia kunyamaza mpaka mama Klara alipofika kwenye ua, zaidi ya hapo hakuweza.

Redio: Mimi nitawaambia kilichomtekenya. Msinicheke. Ni Damari.

Andrea: Ebo.

Redio: Amekufa alfajiri, simu imepigwa asubuhi. Roho haijaenda mbali. Inaona waya unaelekea kwa mumewe, itapita wapi? Itatembea kwa miguu?

Mzee Taruma: Enzi zetu tulikuwa tukiweka sikio kwenye nguzo ya simu. Inalia, mmmm, mchana kutwa. Mzungu alisema ni upepo. Sisi tulijua kuna watu humo.

Redio: Mnaona. Na radi je? Radi ilishuka saa ile ile alipozidiwa. Mimi naona radi ilitangulia kumfungulia njia.

Balozi: Sasa mnakufuru.

Redio: Kama amepita mwenyewe, basi maneno ya msumari hayakuwa na haja. Leonidas alijua kabla yetu. Yuko kwenye treni hivi tunavyoongea, analia.

Simeoni: Ilikuwa umeme tu. Umeme mdogo, unakuwasha kidogo kidoleni. Acheni kumtembeza marehemu kwenye nguzo. Mimi ndiye niliyeshika ule waya, nyinyi mlikuwa mlangoni. Leonidas asiposhuka leo mtasema ni mimi. Mtasema Simeoni alipiga simu na msumari kama mtoto anayechezea. Nitapita wapi katika kijiji hiki, na mama Klara yumo?

Sauti yake ilipasuka mwishoni. Mzee Taruma akanyoosha mkono wake wenye vidole vitatu, akaushika ule wenye kitambaa.

Mzee Taruma: Hakuna atakayesema. Aliyekohoa ni mimi.

Treni ilipiga honi kwenye kona ya machimbo ya kokoto. Balozi akasimama, akakunjua mikono ya shati, na uso wake ukarudi kuwa wa kazi.

Balozi: Sikilizeni. Akishuka, hakuna wa kumwambia kitu. Mzee Paulo, wewe utampokea mzigo. Mimi nitamshika mkono. Tumkalishe hapa kwanza, anywe kahawa, apumue. Kisha mimi nitazungumza. Gabrieli, wewe utatazama chini tu.

Redio: Nitatazama chini.

Treni ikaingia, imelowa, moshi umeilalia mgongoni. Walishuka watu wachache. Mwanamke na kuku wake. Askari mmoja. Kisha pakapita muda hakuna mtu, na nilimsikia Simeoni kando yangu anahesabu kimyakimya kwa midomo, kama alivyokuwa akihesabu jana mezani. Halafu kwenye behewa la mwisho mlango ukafunguliwa, na Leonidas akaruka chini.

Simeoni: Imefika.

Alisema kwa sauti ndogo sana. Mzee Taruma akamgonga begani. Redio alisahau kutazama chini, akasema imefika, imefika, msumari umefika. Nami nilifurahi, sitaficha. Tulifurahi wote kwa kitambo kile alichotumia kuivuka reli, tukiwa na maiti nyuma yetu.

Alikuja kwa hatua ndefu. Alikuwa amevaa shati safi la kitenge, amenyolewa vizuri, na si mimi niliyemnyoa. Kwapani alikuwa na furushi lililofungwa kwa gazeti, na gazeti lilikuwa limechanika upande mmoja, ikatokeza ncha ya shali nyeupe ya sufi, zile ndogo za vichanga. Mkono wa pili alibeba paketi ya sukari, ambayo kijijini kwetu hatukuwa tumeiona kwa muda mrefu. Alikuwa anatabasamu kutoka mbali.

Leonidas: Shikamoo Mzee Paulo. Shikamoo balozi. Ndugu zangu wote, habari za hapa?

Mzee Taruma: Marahaba, mwanangu.

Balozi: Karibu. Kaa kwanza, Leonidas. Andrea, mpe kahawa.

Leonidas: Sikai, balozi, nitakaa jioni. Simeoni, Mungu akubariki. Karani wa kule alisema mkono unaopiga leo ni wa ajabu, kama wa mtu anayejifunza, lakini akasikiliza mpaka mwisho. Hakuna neno hata moja lililopotea. Nilimwonyesha mnyapara karatasi, kanipa ruhusa papo hapo. Genge zima walinichangia shali.

Balozi alikuwa amemshika mkono, kama alivyopanga, akawa hamvuti kukaa wala hamwachii. Mzee Taruma alikuwa amepokea furushi, akawa hajui aliweke wapi. Simeoni alikuwa amegeuka, ametazama ukuta wa stesheni.

Leonidas: Nimehesabu njia nzima, nikaona siku zake zilikuwa bado kidogo. Lakini wanawake wanajua wenyewe. Mbona mmenyamaza hivyo? Semeni basi, nikiingia niwe najua nitamwitaje. Wa kike au wa kiume?

Tulimtazama Balozi. Balozi alitazama kahawa. Na hata kama mmoja wetu angekuwa na moyo wa kumjibu, asingekuwa na la kumwambia, maana jambo hilo hakuna aliyelijua, si benchini wala kule ndani kwa wanawake. Leonidas akatupitishia macho mmoja mmoja, bado ana tabasamu lakini limeanza kuchoka, akauliza tena, safari hii polepole.